Mgeni Amenyimwa Mkate, Amenyimwa na Jembe



Wapendwa Taifa la Mungu, katika tafakari yetu ya juma hili tunataka kulipima neno moja ambalo limezoeleka mno masikioni mwetu. Neno lenyewe ni "upungufu wa fedha". Kila mgao wa chakula cha wakimbizi unapopunguzwa, tunaambiwa kwamba sababu ni upungufu wa fedha, nasi tunatikisa vichwa, tunasema "Mungu awasaidie", kisha tunaendelea na shughuli zetu. Neno hilo limekuwa kama ukame au mafuriko, yaani balaa lisilo na mwenyewe. Sisi tunakataa kulipokea hivyo. Upungufu huo una wenyewe. Umeamuliwa na watu wenye akili timamu, waliokaa mezani na kupiga hesabu. Na sehemu yake, wapendwa, imeamuliwa hapa hapa nyumbani kwetu.

Tuanze na mambo yalivyo. Katika Mkoa wa Kigoma, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo waliokimbia vita. Mwaka 2015, Warundi walipoanza tena kuvuka mpaka kwa maelfu, kambi ya Nduta ilifunguliwa upya, na mwanzoni mwa mwaka 2016 ikafuata ya Mtendeli, ambayo ilikuja kufungwa mwaka 2021. Chakula cha watu hawa kimekuwa kikiletwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP): unga wa mahindi, maharage au kunde, mafuta ya kula, chumvi, na unga wa lishe kwa watoto wadogo na akina mama wajawazito. Kipimo kinachohesabiwa kuwa kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Hicho si kipimo cha karamu. Ni kipimo cha kumfanya mtu asidhoofike.

Mwezi Machi 2023 mgao huo ulishushwa hadi asilimia 65. Mwezi Juni mwaka huo huo ukashushwa hadi asilimia 50. Walioguswa walikuwa zaidi ya watu 200,000. Baadaye ulipanda kidogo kadiri fedha zilivyopatikana, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa. Nusu ya 2,100 ni 1,050. Kwa lugha ya jikoni, ni mama anayepika mara moja badala ya mara mbili, na anapopakua, humpakulia kwanza mtoto, kisha mume, na mwishowe hukwangua sufuria. Mwanamke anayenyonyesha akila makoko, mtoto naye hunyonya makoko.

Ni vema tufahamu jinsi jambo hili linavyotokea, ili tusimlaumu asiyehusika. WFP haina shamba wala kodi inayokusanya. Kazi yake yote hutegemea michango ya hiari, hasa ya serikali. Serikali ikichelewa kutoa, chakula nacho huchelewa, kwa sababu kati ya ahadi iliyotolewa mezani na gunia linalofunguliwa Kasulu kuna ununuzi, meli, bandari, maghala na malori, na safari hiyo huweza kumaliza miezi. Tena fedha nyingi huja zikiwa na masharti: hizi ni za nchi fulani tu, zile ni za dharura fulani tu. Ghala moja laweza kuwa na chakula huku la jirani likifagiliwa sakafu. Kwa hiyo, yule kijana anayesimama kwenye kituo cha kugawia chakula na kikombe chake cha kupimia, ambaye watu humtazama kwa hasira, siye mwenye kosa. Yeye amepewa kikombe kilichokwisha kukatwa.

Je, ni kweli kwamba fedha hazipo? Mwaka 2022 WFP ilipokea zaidi ya dola bilioni 14. Mwaka 2023 ilipokea kama bilioni 8. Mwaka 2024 zikapanda kidogo hadi karibu bilioni 9.8, na karibu nusu yake zilitoka Marekani. Kisha, mwezi Januari 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai 2025 shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Baadhi ya mataifa ya Ulaya nayo yakapunguza bajeti zao za misaada. Kwa mwaka huo wa 2025 WFP yenyewe ilikadiria kupata bilioni 6.4 tu.

Sasa tuweke hesabu hiyo kando ya hesabu nyingine. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuatilia matumizi ya kijeshi, ilieleza kwamba mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi na silaha. Gawanya kwa siku za mwaka, utapata zaidi ya bilioni 7 kwa kila siku iendayo kwa Mungu. Ndiyo kusema, chakula chote ambacho WFP ilipewa mwaka 2024 kwa ajili ya wenye njaa wa dunia nzima hakifikii gharama ya siku moja na nusu ya silaha. Tena mara nyingi silaha hizo hizo ndizo zinazowatoa watu majumbani kwao na kuwaleta kwenye foleni ya unga. Baba Mtakatifu Fransisko alipoyatembelea makao makuu ya WFP mjini Roma tarehe 13 Juni 2016, alilalamikia jambo hili hili: chakula cha msaada huzuiwa kwa vikwazo vya kila namna, lakini silaha hupita bila kuulizwa. Basi, mtu asituambie kwamba fedha hazipo. Aseme kwamba zipo, na kwamba zimepangiwa kazi nyingine. Angalau hapo atakuwa amesema kweli.

Wainjili wote wanne wametuandikia habari ya mikate mitano na samaki wawili. Mtakatifu Yohane, katika sura ya 6, anatueleza kwamba Filipo alipoulizwa kuhusu chakula cha umati, alijibu kwa hesabu: hata mikate ya dinari 200 isingetosha. Hesabu ya Filipo haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba alisimama hapo. Na Mtakatifu Mathayo, katika sura ya 14, anatueleza shauri la mitume: watu waagwe, waende vijijini wakajinunulie chakula. Ni shauri la heshima, tena la busara ya kawaida. Bwana alilikataa. Aliwarudishia wao wenyewe kazi ya kuwalisha. Wapendwa, kila anayesema leo "tunasikitika, bajeti haitoshi, waende wakajitafutie", amesimama pale pale walipokuwa wamesimama mitume kabla ya kusahihishwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Ni rahisi sana kunyoosha kidole kuelekea Washington na Ulaya, kisha kwenda kulala tukiwa na dhamiri safi. Lakini tuulize: mkimbizi anaambiwa aende kujitafutia wapi?

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliweka utaratibu wa mkimbizi kukaa katika eneo alilotengewa na kutotoka bila kibali. Kwa miaka mingi mpaka wake ulihesabiwa kuwa kilomita 4 kutoka kambini. Aliyeonekana mbele ya hapo bila karatasi aliweza kukamatwa. Shamba hana. Kibarua halali hapati. Mwaka 2017 mpango wa WFP wa kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu, ili wanunue chakula kwa wakulima na wafanyabiashara wa jirani, ulisimamishwa kwa agizo la serikali. Katika miaka ya 2018 na 2019 masoko ya kambini, ambapo Muha, Mrundi na Mkongo walikuwa wakiuziana ndizi, dagaa na vitenge, yalibanwa, na mengine yakafungwa. Mtu amezungushiwa uzio pande zote, ameachiwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa ghala la msaada. Kisha mlango huo nao ukafungwa nusu.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaisikia sana watu wanapotaka kumsema mkimbizi kwamba amekaa mno, amezoea vya bure, amekuwa mvivu. Tunaomba wanaoitumia waisome hadi mwisho. Methali haisemi "siku ya tatu mnyime chakula". Wala haisemi "siku ya tatu mfungie ndani". Inasema mpe jembe. Na mwenye kumpa mtu jembe humwonyesha na mahali pa kulima. Mwenyeji aliyeficha jembe hana haki ya kumwita mgeni wake mvivu. Na aliyemfunga mbuzi kwenye kamba, yeye ndiye mwenye wajibu wa kumletea majani. Ukimnyima majani, mfungue kamba. Kufanya yote mawili kwa pamoja, kukata majani na kukaza kamba, hakuna jina la Kikristo la kuliita tendo hilo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya altareni, hayawezekani katika utawala. Tunawajibu kwamba yalikwisha kufanyika, tena katika nchi hii, tulipokuwa maskini kuliko leo. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi waliingia nchini. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere haikuwaweka kwenye mistari ya mahema wakingoja kikombe. Iliwapa ardhi: Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Familia ilipewa hadi hekta 5. Walipewa chakula cha msaada katika misimu ya kwanza, hadi walipovuna. Kisha wakajilisha wenyewe, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakauza ziada. Kufikia mwaka 1985 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilikuwa limekabidhi makazi hayo yote kwa serikali, kwa kuwa watu wake walikuwa wanajitegemea. Mwaka 1983 Mwalimu, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alitunukiwa tuzo ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Na kufikia mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania.

Hatusemi kwamba makazi yale yalikuwa paradiso. Ulyankulu ilijaa watu kupita maji na ardhi yake, hata wengine wakahamishiwa Mishamo. Lakini angalieni tofauti. Wale wa mwaka 1972 walihitaji msaada kwa misimu michache. Hawa wa Nyarugusu, tangu mwaka 1996, wamezaa watoto, na watoto wamezaa watoto, na mjukuu anapanga foleni pale pale alipopanga babu yake. Nani basi aliyeokoa fedha? Na nani aliyeutengeneza upungufu?

Tusikwepe pingamizi zenye uzito. Wapo wanaouliza: na maskini wetu wa hapa, je? Swali hili ni la haki, nasi tunalipenda linapoulizwa na mtu anayewalisha maskini wa hapa. Bahati mbaya, mara nyingi huulizwa na mtu asiyewalisha hawa wala wale. Tena tusisahau kwamba chakula cha msaada hununuliwa pia kwa wakulima wetu. Mwaka 2018, bei ya mahindi ilipokuwa imeanguka na magunia yanawaozea watu mikononi, WFP ilitia saini mkataba wa kununua tani 36,000 za mahindi kutoka kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mgao wa mkimbizi ukikatwa, na soko la mkulima hukatwa.

Wapo wanaosema: tumewaona wakiuza mafuta na maharage waliyopewa. Ni kweli, wapo wanaouza. Mgao hauna kuni, hauna sabuni, hauna dagaa, hauna daftari la shule. Anayeuza kikombe cha maharage ili apate kuni za kupikia unga hajashiba. Ameuza nusu ya chakula ili nusu nyingine iweze kulika.

Na wapo wanaokumbusha usalama na mazingira. Hawa nao wana hoja. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Misitu ilikatwa, visima vilielemewa, na katikati ya wasio na hatia walijificha waliokuwa na damu mikononi. Serikali ina haki, tena ina wajibu, wa kumchuja anayebeba silaha. Lakini bunduki hutafutwa kwa upekuzi. Haijapata kupatikana kwa kupunguza unga wa mtoto wa miaka miwili.

Jambo linalotutia hofu kuliko yote ni njaa kugeuzwa kuwa askari wa uhamiaji. Kanuni ya kimataifa ni kwamba mkimbizi harudishwi kwa nguvu kwenye hatari, na kurudi kwake nyumbani kuwe kwa hiari. Mkimbizi akirudi kwao kwa kuwa amani imerudi, tupige vigelegele. Lakini anayerudi kwa kuwa sufuria yake imekauka hajarudi kwa hiari, hata kama ametia dole gumba kwenye fomu.

Majirani zetu wa Kenya nao wameonja kikombe hiki. Mwaka 2025, fedha zilipopungua, kaya za kambi ya Kakuma zilipangwa katika makundi kadiri ya uhitaji wao, na zile zilizohesabiwa kuwa na uwezo wa kujitegemea zikaondolewa kwenye mgao. Mwezi Julai wakimbizi waliandamana. Kumpa kwanza aliye mnyonge zaidi ni jambo la haki. Lakini ni nani anayepima, na aliyepimwa vibaya anamlilia nani? Matendo ya Mitume, sura ya 6, inatupa jibu. Katika Kanisa la Yerusalemu wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika mgao wa kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaambia wavumilie kwa sababu ya upungufu. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Upawa walikabidhiwa watu wa upande ule ule uliolalamika! Mkimbizi naye asikilizwe pale mgao wake unapopimwa.

Basi, tufanye nini? Kwanza, wabunge wetu wanapokuja kutusalimu baada ya Misa, tuwaulize kuhusu jembe: ni lini mkimbizi ataruhusiwa kulima, kufanya kazi halali, na kuuza na kununua sokoni pamoja na wenyeji? Mpiga kura anayeuliza habari za barabara tu atajibiwa habari za barabara tu. Pili, mataifa yanayochangia yaambiwe bila kificho, na Maaskofu wetu na kila aliye na sauti: toeni mapema, na msifunge fedha kwa masharti hata ghala moja likajaa na jingine likalia. Tatu, katika Jumuiya zetu Ndogondogo, WAWATA na Halmashauri ya Walei, sehemu ya matoleo ya Kwaresima itengwe kwa ajili ya wakimbizi kupitia Caritas. Haitajaza pengo la mabilioni. Na mikate ya yule mtoto wa Injili nayo haikujaza pengo la Filipo. Ilifika tu mikononi mwa Bwana, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, namba 69, ulirudia fundisho zito la Mababa wa Kanisa: anayemwacha mwenye njaa afe, ilhali angeweza kumlisha, amemuua. Mababa hao hawakutoa msamaha kwa aliyekuwa na bajeti ndogo mwaka huo. Kila Dominika tunanyoosha mikono kupokea Mkate uliomegwa kwa ajili ya wote, na kabla ya hapo tunasali pamoja tukiomba mkate wetu wa kila siku. Tunaomba kwa wingi, "wetu". Mrundi na Mkongo waliokimbilia kwetu, wengi wao Wakatoliki wenzetu, husali sala hiyo hiyo, kwa Baba yule yule. Siku ya hukumu Bwana hatatuuliza tulisikitika kiasi gani. Mtakatifu Mathayo, sura ya 25, amekwisha kutuonyesha mtihani wenyewe: nilikuwa na njaa, nilikuwa mgeni. Maswali yote mawili yanamhusu mtu mmoja.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyekimbilia Misri ukiwa mtoto mikononi mwa Maria na Yosefu, uwafungue mikono wenye mali, uwape hekima watunga sheria, na utujalie sisi kumpa mgeni wetu mkate leo, na jembe kesho. Amina.

Mwenyezi Mungu awabariki, na juma jema kwenu nyote.

Paroko wenu.